Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Pombe, Mnywaji na Nyumba Yake

Maswali haya huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mtu aliyefika kliniki kwa ajili ya jambo jingine kabisa: shinikizo la damu, kidonda kisichopona, mtoto mwenye homa. Tumeyaacha kama yanavyoulizwa. Majibu yanaihusu zaidi Tanzania na Kenya, na Uganda pale inapogusika, kwa kuwa kinachonywewa huku, na jinsi kinavyopimwa na kuuzwa, hakifanani na kile kinachoelezwa katika vijitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wanaokunywa glasi ya mvinyo mezani.

Mimi hunywa bia tatu tu kwa siku. Hiyo nayo ni pombe nyingi?

Ndiyo, ni nyingi, na hesabu yake mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu. Chukua mililita za kinywaji, zizidishe kwa asilimia ya kilevi iliyoandikwa kwenye lebo, kisha zidisha kwa 0.8, jibu ni gramu za kilevi halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi, yaani gramu 20. Bia tatu ni gramu 60, na Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 au zaidi katika kikao kimoja kuwa ni unywaji wa kupindukia.

Vijitabu vingi vya kimataifa huita gramu 10 «kinywaji kimoja», hivyo chupa moja ya bia ya kwetu ni vinywaji viwili kabla mtu hajaagiza ya pili. Kwa pombe kali mambo hujificha zaidi. Chupa ndogo ya mililita 200 yenye asilimia 35, ambayo huingia mfukoni mwa shati bila kuonekana, ina gramu 56, karibu sawa na bia tatu, na hulipwa kwa bei ndogo kuliko hizo bia. Ndiyo maana mtu anayesema «sinywi bia, nagusa kidogo tu pombe kali» hatuandiki jibu lake mpaka atuoneshe chupa yenyewe.

Je, hakuna kiasi ambacho ni salama kabisa?

Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Msingi wa kauli hiyo ni saratani. Pombe iliwekwa na wakala wa utafiti wa saratani wa shirika hilo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988, kundi hilohilo la tumbaku, na inahusishwa na saratani za kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana na titi. Kilevi kinapovunjwa mwilini hugeuka kuwa asetaldehaidi, sumu inayoharibu vinasaba vya seli, na sumu hiyo haijali kama kilevi kilitoka katika mvinyo wa bei ghali au katika kata ya mbege. Saratani ya umio, ambayo mgonjwa huanza kwa kukwamwa na ugali kisha uji kisha maji, ni ya kawaida mno katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki. Pombe si sababu yake pekee, lakini imo miongoni mwa sababu.

Kauli hiyo haimaanishi kwamba aliyekunywa bia moja harusini amejiua. Maana yake ni kwamba hatari huanza mapema na hupanda kadiri kiasi kinavyopanda, na kwamba anayekunywa kidogo ana hatari ndogo. Kwa dunia nzima, shirika hilo lilikadiria kuwa vifo milioni 2.6 vya mwaka 2019 vilitokana na pombe, na milioni 2 kati ya hivyo vilikuwa vya wanaume.

Nikinywa supu ya moto asubuhi, au kahawa bila sukari, pombe haitoki mwilini?

Haitoki. Kazi hiyo ni ya ini, na ini lina mwendo wake: kwa mtu mzima wa kawaida ni takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, likibembelezwa au lisibembelezwe. Supu humrudishia mnywaji maji na chumvi, kahawa humfumbua macho, maji baridi kichwani humshtua, lakini kilevi kilichomo katika damu hubaki palepale kikisubiri zamu yake. Ama kuzimua, yaani kunywa tena asubuhi ili kichwa kitulie, ni kukopa usingizi wa kesho, na kwa watu wengi ndipo uraibu ulipoanzia.

Mfano wa dereva wa daladala huwafungua wengi macho. Ameanza kunywa saa moja jioni na kumaliza bia sita saa nne usiku. Hizo ni gramu 120. Kwa ini linaloondoa gramu 8 kwa saa, damu yake itakuwa safi saa 15 baada ya kuanza, yaani saa nne asubuhi. Yeye anashika usukani saa kumi na moja alfajiri, ameoga, amepiga mswaki, anajiona mzima. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania imeweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, lakini umakini wa macho na mikono hupungua kabla ya kikomo hicho kufikiwa, na abiria wa alfajiri hana namna ya kujua.

Pombe za kienyeji ni chakula na ni mila. Kwa nini nazo mnazihesabu?

Swali hili lina haki yake, nasi hatupendi majibu ya dharau yanayotolewa kulihusu. Mbege ya Kilimanjaro imetengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichache, kisha zikachanganywa na kimea cha ulezi na kuungwa kwa gome la msesewe ili ipate uchungu. Ina wanga na ina vitamini. Ulanzi wa Iringa na Njombe ni utomvu wa mwanzi mchanga uliokatwa ncha na kuachwa udondoke. Tembo la mnazi huteremshwa na mgema mara mbili kwa siku, asubuhi likiwa tamu kiasi cha kupewa mtoto, na kufikia jioni limekwisha kuwa kali, kwa kuwa hamira ya hewani na ya kwenye kibuyu huanza kazi dakika ileile utomvu unapodondoka. Vinywaji hivi vimefunga ndoa, vimepatanisha mashamba yenye ugomvi, na vimelipa ada za shule za watoto wengi ambao mama zao ndio wapikaji.

Tatizo la kwanza ni kwamba havina lebo. Tembo la saa mbili asubuhi na la saa kumi na mbili jioni ni vinywaji viwili tofauti katika kibuyu kimoja, na mnywaji huhesabu vibuyu. Tatizo la pili ni nafaka. Pombe inayopikwa kwa mahindi au mtama, kama komoni na busaa, mara nyingi hupata nafaka ile ambayo haikufaa kusagwa kwa sababu imeota ukungu, na ukungu huo hubeba sumukuvu, ambayo hushambulia ini lilelile linalohangaika na kilevi. Kupika hakuiondoi. Tatizo la tatu ni mabadiliko ya mila yenyewe: mbege ya matanga ilikuwa na siku yake, na mzee aliyegawa kata alijua nani amekwisha kupata, ilhali kilabu cha pombe hufunguliwa kila siku na hakina mzee.

Gongo huua kweli, au ni vitisho vya polisi?

Huua, lakini kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya. Gongo, ambayo Kenya huitwa chang'aa na Uganda waragi, ni pombe iliyochachushwa kisha ikakenekwa: pipa juu ya moto, bomba linalopita katika maji baridi, na matone yanayoangukia kwenye dumu. Iliyokenekwa kwa uangalifu huua polepole, kama pombe kali yoyote, isipokuwa mnywaji wake haijui asilimia ya kilevi kilichomo. Ile inayoua kijiji kwa usiku mmoja huwa imetiwa methanoli ya viwandani na mtu anayetaka kuiongezea ukali kwa gharama ndogo. Waswahili walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji; huyu wa leo angetia maji tungemshukuru.

Methanoli haina ladha wala harufu ya kuitofautisha na kilevi cha kawaida, na hapo ndipo ilipo hila yake. Haiumizi mara moja. Ini huigeuza taratibu kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Saa 12 hadi 24 baada ya kunywa, mtu aliyelala akidhani ni ulevi wa kawaida huamka na tumbo linalosokota, pumzi za haraka na ukungu machoni. Waliopitia misiba hiyo husimulia jambo lilelile: mgonjwa anauliza kwa nini taa zimezimwa, na ni mchana. Novemba 2000, Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa sababu glasi iliuzwa shilingi kumi, iliua zaidi ya watu 100. Mwaka 2014 makumi walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya, na Februari 2024 kijiji cha Kangai, Kirinyaga, kilizika zaidi ya watu 10.

Mtu mwenye dalili hizo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na wote waliokunywa naye watafutwe hata kama hawajaumwa bado, kwa kuwa tiba ipo: kuna dawa za kuzuia methanoli isigeuzwe, na kuna mashine ya kusafisha damu. Zinazofaa ni saa chache za mwanzo. Ndugu wasiogope kutaja gongo mbele ya daktari. Daktari asiyeambiwa ataanza kutafuta malaria.

Nimekunywa miaka ishirini na vipimo vyangu ni vizuri. Kwa nini niache?

Ini ni kiungo kinachovumilia sana na kulalamika kwa kuchelewa. Hujaa mafuta kwanza, bila maumivu, na hatua hiyo hurudi nyuma mtu akiacha kunywa kwa wiki chache. Likiendelea kuumizwa huweka makovu, na makovu yakishaenea hayafutiki. Dalili ambazo watu huzijua, yaani macho ya njano, tumbo kujaa maji, miguu kuvimba na kutapika damu, ni za mwisho, si za mwanzo. Mwenye virusi vya homa ya ini aina B, ambavyo ni vya kawaida kwetu, hufika huko mapema zaidi. Tena ini si peke yake: shinikizo la damu lisiloshuka kwa dawa mbili ni moja ya mambo yanayotufanya tuulize kuhusu pombe hata kwa mtu aliyekuja na shati jeupe na tai.

Mjamzito anaweza kunywa kidogo tu, hasa mbege au stauti ya kuongeza damu?

Hapana. Kilevi hupita kwenye kondo la nyuma na mtoto hana ini la kukivunja. Madhara yake katika ubongo ni ya maisha yote. Stauti haiongezi damu. Vidonge vya madini ya chuma na foliki hutolewa kliniki.

Ninatumia dawa. Niruke dozi siku ninayokunywa?

Usiruke dozi, ruka pombe. Kwa anayetumia ARV, madhara makubwa ya pombe si kugombana na kidonge bali kusahau kidonge. Anayetibiwa kifua kikuu anatumia dawa ambazo zenyewe hulilemea ini. Anayepewa metronidazo kwa ajili ya tumbo huambiwa akae bila pombe mpaka amalize na siku mbili tatu zaidi. Mwenye kisukari anayetumia insulini anaweza kushukiwa na sukari usiku akiwa amelala, na nyumba nzima ikadhani amelewa tu.

Nitajuaje kama mimi ni mlevi au ninapenda tu kinywaji?

Neno «mlevi» halisaidii, kwa kuwa kila mtu ana mlevi wake wa kumwonyesha kidole: yule anayelala mtaroni. Mraibu anaweza kuwa mwalimu asiyekosa kipindi. Tunachouliza ni mambo haya: unapoanza, unaweza kuacha pale ulipopanga? Kiasi kilichokutosha zamani bado kinakutosha? Umewahi kukasirika kwa sababu mtu alikutajia pombe? Na asubuhi, kabla ya kitu chochote, mikono ikoje?

Swali la mikono ndilo linalosema kweli. Kuna mtu ambaye kikombe cha chai ya asubuhi hukishika kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa kukifuata badala ya kukiinua, na mkewe amekwisha kuzoea kukijaza nusu tu. Hajawahi kuanguka njiani, wala mshahara haujawahi kupotea. Mwili wake, hata hivyo, umekwisha kujipanga upya kuishi na pombe, na ikikosekana kwa saa chache unatetemeka. Huo ni ugonjwa na una matibabu.

Pwani na Zanzibar, na popote penye familia za Kiislamu, swali hili huja kwa kuchelewa zaidi, kwa sababu anayekunywa hunywa kwa kificho na familia hukificha kificho chake. Aibu haijapunguza unywaji wa mtu huyo hata tone, ila imemchelewesha kufika kwa daktari.

Mume wangu ameapa kuacha leo, kabisa. Nimuunge mkono?

Muunge mkono, lakini kwanza jibu swali la mikono. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla anaweza kupata hali ambayo mtaani huitwa arosto, na arosto ya pombe, tofauti na watu wanavyodhani, inaweza kuua. Kutetemeka, jasho na kukosa usingizi huanza ndani ya saa chache. Mishtuko ya kifafa, kwa wanaoipata, hutokea ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka: huona wadudu ukutani, hawajui walipo, joto la mwili hupanda. Hapo familia nyingi huita mganga au mchungaji, na siku mbili za thamani hupotea.

Kwa hiyo mtu wa aina hiyo aachie hospitalini, au angalau kwa maelekezo ya kituo cha afya, ambako atapewa dawa za kutuliza ubongo kwa kipimo kinachopunguzwa kila siku, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi huikosa na ambayo upungufu wake huweza kuharibu kumbukumbu kwa kudumu. Ikiwa hospitali iko mbali, kupunguza kidogo kidogo ni salama kuliko kukata siku moja. Tunajua wake wengi hawapendi kusikia hivyo.

Kuna dawa ninayoweza kumtilia kwenye chai bila yeye kujua?

Huuzwa, na tunaomba usiitumie. Ipo dawa ya hospitalini iitwayo disulfiramu, ambayo huzuia mwili kuivunja asetaldehaidi, hivyo anayeonja pombe huwaka uso, moyo hukimbia, hutapika na shinikizo la damu huweza kuporomoka. Inamfaa mtu aliyekubali na anayejua kwamba hata tone litamwadhibu. Asiyejua atakunywa kama kawaida, na anaweza kufia kilabuni. Unga wa mitishamba usio na jina ni hatari zaidi, kwa sababu hata anayeutia hajui ni nini.

Viroba vilipigwa marufuku. Imesaidia?

Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza marufuku hiyo Februari 2017, na kuanzia Machi 1 mwaka huo pombe za kwenye pakiti za plastiki zikawa haramu Tanzania Bara. Uganda ilifuata mwaka 2019. Kenya, katika sheria ya mwaka 2010 ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, ilizuia vifungashio vya chini ya mililita 250, ikaweka saa za baa kuwa za jioni hadi saa tano usiku, na jambo lililoshangaza wengi, ikafuta marufuku ya chang'aa ili ipikwe kwa leseni na kukaguliwa.

Kwa maoni yetu marufuku ya viroba ilikuwa sahihi. Kiroba cha mililita 100 kilikuwa na kilevi cha bia moja na nusu kwa bei ambayo mwanafunzi angeipata kutoka nauli yake, na kilifichika ndani ya soksi. Pombe kali ya chupa ndogo ya plastiki imechukua sehemu ya nafasi hiyo, kwa hiyo ushindi haukuwa kamili. Sheria ambayo hatuioni ikifanya kazi ni ile ya umri wa miaka 18: ni nadra kumsikia muuzaji akiuliza, na mtoto bado hutumwa dukani kumnunulia baba.

Akilewa hunipiga, akiamka anaomba radhi. Ni pombe au ni yeye?

Wapo walevi wengi wasiowahi kuinua mkono na wapo wapigaji wasioonja pombe. Pombe huondoa breki na kuzidisha ukali, lakini haimchagulii mtu wa kumpiga: huyohuyo anayekupiga hakumpiga polisi aliyemsimamisha njiani. Usingoje aache pombe ndipo ujilinde. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hospitali itakutibu na kuandika majeraha yako.

Amezima kabisa. Tumwache alale?

Mlazeni ubavu, si chali, ili akitapika asipaliwe, na mtu mmoja akae naye. Akipumua kwa kusitasita, akiwa wa baridi, midomo ikibadilika rangi, au asipoitikia hata akifinywa, mpelekeni hospitali. Msimtapishe, msimpe maziwa, msimwogeshe maji baridi.

Alikaa miezi minne bila kunywa, sasa amerudia. Tumepoteza bure?

Kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu kama sukari inavyopanda tena kwa mwenye kisukari, na miezi minne ilikuwa miezi minne ya ini kupumzika na watoto kulala. Arudi alikotibiwa wiki hiyohiyo, asingoje ajirekebishe kwanza ndipo aende. Tanzania, aanzie kituo cha afya au kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa, kinachoweza kumpa rufaa kwenda Muhimbili au Mirembe, Dodoma. Kenya, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Miji mikubwa ina vikundi vya Alcoholics Anonymous, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, ambavyo havitozi ada wala kuuliza dini, na katika miji kadhaa zipo nyumba za upataji nafuu (sober house). Kabla ya kumlaza huko, ulizeni kama kuna muuguzi usiku na kama ndugu wanaruhusiwa kumwona. Akifika, aseme siku aliyorudia, saa ngapi, alikuwa na nani na mfukoni alikuwa na kiasi gani. Mara nyingi ilikuwa mwisho wa mwezi.